John Wick Sehemu ya Nne: Je, Deni la Sehemu ya Kwanza Limelipwa?

Habari za wakati huu, ndugu watazamaji, na karibuni katika uchambuzi wa leo. Kila inapotoka filamu kubwa ya mapigano yenye namba nyuma ya jina lake, wengi wenu huniuliza swali lile lile: je, imefikia matarajio? Leo nimeamua kulijibu kwa kutumia mfululizo mmoja tu, yaani John Wick, na hasa sehemu yake ya nne iliyotoka Machi 2023, kwa sababu ni nadra mno kupata mwendelezo wa nne ambao watu wazima na akili zao bado wanabishana kama umeushinda wa kwanza au la. Natahadharisha mapema kwamba nitataja mambo yanayotokea hadi dakika ya mwisho. Ambaye hajaitazama na hapendi kuharibiwa uhondo, asimamishe video hapa, akaitazame, kisha arudi, mimi sitaondoka.

Kabla sijaingia katika filamu yenyewe, niwaeleze kipimo ninachotumia, kwa kuwa hakikutoka chuoni. Nilikitoa kibanda umiza. Wale tuliokulia kwenye mabenchi ya mbao, mbele ya televisheni moja iliyofungiwa ndani ya sanduku la nondo, tukisikiliza mtu akitusimulia filamu kwa Kiswahili kama alivyofanya Lufufu kwa Tanzania na DJ Afro kwa Kenya, tuliamini jambo moja kuliko yote: steringi hafi. Hata hivyo, kujua kwamba steringi hafi hakukutufanya tusiogope. Tuliogopa kwa sababu alipigwa. Alipotoka damu mdomoni, akaburuzwa, akapoteza bunduki yake, kibanda kizima kilinyamaza, na yule mzee wa mlangoni aliyekuwa akikusanya shilingi 100 zetu naye aliacha kuhesabu fedha. Lakini ikija filamu ambayo steringi anapita katikati ya risasi kama mtu anayepita sokoni, watoto walianza kusukumana na kupiga soga. Kipimo changu ndicho hicho hicho hadi leo: je, kila pigo lina gharama yake?

Sasa tuangalie sehemu ya kwanza ilituahidi nini, maana mwendelezo hauwezi kupimwa kwa ukubwa wake bali kwa ahadi iliyotangulia. Filamu hiyo ilitoka mwaka 2014, ina urefu wa dakika 101 tu, na kisa chake unaweza kumsimulia mtu ukiwa umesimama kituo cha daladala: mwanamume amefiwa na mkewe, mke huyo amemwachia mtoto wa mbwa, vijana wa kundi la wahalifu wanaingia nyumbani kwake, wanamwibia gari na kumuua mbwa, naye anarudi katika kazi ya kuua aliyokuwa ameiacha. Hakuna zaidi. Kilichotushtua wengi hakikuwa kisa hicho bali namna mapigano yalivyopigwa picha. Mwongozaji wake, Chad Stahelski, kabla ya kuongoza filamu alikuwa mmoja wa wale wanaoanguka na kupigwa badala ya mwigizaji mkuu, na katika The Matrix ya mwaka 1999 yeye ndiye aliyeanguka kwa niaba ya Keanu Reeves, huyu huyu anayecheza John Wick. Mtu wa namna hiyo anajua kwamba uhariri wa harakaharaka, ule unaokata picha kila sekunde, mara nyingi ni shuka la kumfunikia mwigizaji asiyejua kupigana. Yeye akaliondoa shuka. Kamera ikarudi nyuma, ikatulia, ikamwonyesha Reeves kuanzia kichwani hadi miguuni akimkamata mtu kwa mikono ya judo, akimwangusha, akimpiga risasi aliye mbele huku bado amemkalia aliye chini.

Naomba mkirudia kuitazama mhesabu risasi. Katika ile sehemu ya klabu ya usiku, bastola inaisha risasi, naye anasimama nusu sekunde, anatoa magazini tupu, anapachika nyingine, ndipo anaendelea. Mara nyingine magazini inaisha akiwa amemkaba mtu, na inambidi amshikilie chini huku akijaza upya. Hiyo ndiyo ahadi niliyokuwa nikiisema. Filamu ilitia saini kwamba katika ulimwengu huu risasi zinahesabika, mwili unachoka, na jeraha linahitaji daktari. Steringi anapigwa chupa ya tumboni, anashonwa akiwa hotelini, na mwishoni anajikokota hadi kwenye kliniki ya mifugo kujitibu mwenyewe kwa vifaa vya mbwa, kabla ya kuondoka na mbwa mwingine. Kwa bajeti isiyozidi dola milioni 30, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Sehemu ya pili, ya mwaka 2017, ni nzuri na nina sababu ya kuipenda, lakini ndani yake kuna fundi cherehani mmoja wa Roma ambaye, kwa maoni yangu, alileta madhara kuliko maadui wote. Fundi huyu anamshonea John suti ambayo bitana yake haipenyi risasi, na kumwonya kwamba risasi haitaingia ila maumivu yatakuwepo. Wakati ule lilionekana jambo dogo la kufurahisha, tena la kiungwana. Lakini kumbukeni ahadi. Ukishamvika steringi suti isiyopenya risasi, bunduki imekuwa ngumi, na ngumi ya mbali isiyo na uzito. Kufikia sehemu ya nne maadui nao wamevaa suti hizo, ikawa mapigano ya bunduki yanageuka kitu cha ajabu ambacho watu wanajifunika uso kwa ukosi wa koti kana kwamba wanajikinga na vumbi la barabara ya Dodoma.

Sehemu ya tatu, ya mwaka 2019, sitakaa nayo sana. Nusu saa yake ya kwanza ni miongoni mwa mambo bora yaliyowahi kufanywa katika aina hii ya filamu: kitabu cha maktaba kinageuzwa silaha, visu vya duka la vitu vya kale vinarushwa hadi vinakwisha, farasi anafundishwa kazi ya bondia. Baadaye inachoka, na mwishoni John anapigwa risasi juu ya paa la hoteli, anaanguka ghorofa kadhaa hadi kichochoroni, na anaishi. Nakiri kwamba siku ile nilitoka ukumbini nikiwa na hasira, nikijiambia kuwa sasa tumefika mahali ambapo steringi hafi si imani ya watoto tena bali ni uvivu wa mwandishi.

Kwa hiyo niliingia katika sehemu ya nne nikiwa na matarajio ya chini upande wa kisa na ya juu kupita kiasi upande wa mapigano, na hapo ndipo napenda kuwaambia jambo kuhusu matarajio yenyewe. Matarajio hayatoki kwenye filamu zilizotangulia peke yake. Trela zinayapandisha, mabango yanayapandisha, na urefu wa filamu nao unayapandisha, maana hakuna anayemkalisha mtu dakika 169 bila kumwahidi karamu. Ile ya kwanza ilikuwa pungufu ya hii kwa zaidi ya saa nzima. Bajeti imepanda hadi kufikia takribani dola milioni 100, na kumbi za dunia zimelipa zaidi ya milioni 400. Wapo wanaochukulia mapato hayo kuwa hukumu. Mimi siyachukulii hivyo, kwani Furiosa ya mwaka 2024, kazi ya George Miller, iligharimu zaidi ya dola milioni 160 na ikarudisha kiasi ambacho hakikuwaacha wenye fedha wakicheka, ilhali ni filamu ya heshima. Tatizo lake ni kwamba ilikuja baada ya Mad Max: Fury Road ya mwaka 2015, ambayo sehemu kubwa yake ilipigwa katika jangwa la Namibia kwa magari ya kweli yanayotimua vumbi la kweli, na jicho lililokwisha kula vumbi lile halidanganywi kirahisi na picha za kompyuta.

Turudi kwa John. Saa ya kwanza, ya Osaka, ni ndefu kuliko inavyostahili, lakini imetuletea Hiroyuki Sanada na Donnie Yen, na kwa Donnie Yen peke yake ningelipa kiingilio mara mbili. Anacheza muuaji kipofu aitwaye Caine. Tazameni anavyopigana jikoni: anatembea akibandika vikengele vidogo ukutani, vile vya mlangoni vinavyolia mtu akipita mbele yake, kisha anasimama kimya. Kengele ikilia kushoto, anafyatua kushoto. Hakuna maelezo yanayotolewa, hakuna mtu anayesema huyu ni kipofu hodari. Unaona kwa macho yako namna akili inavyoziba pengo la macho. Udhaifu wake una kanuni, na kanuni hiyo inaheshimiwa hadi mwisho.

Berlin nitaikosoa. Scott Adkins amefichwa ndani ya mwili bandia wa mtu mnene na anaufanyia kazi nzuri, lakini ile klabu yenye maporomoko ya maji ndani yake imejaa wachezaji wanaoendelea kucheza muziki huku watu wakikatwa mashoka hatua mbili kutoka walipo. Wapo watakaoniambia kwamba ni ndoto, ni mtindo. Sikatai, ila ahadi ya mwaka 2014 haikuwa ya ndoto. Ni hapo hapo John anaanguka tena kutoka juu hadi sakafuni na kuinuka kama aliyejikwaa kwenye zulia.

Paris ndiyo iliyonibadilisha mawazo. Mapigano ya mzunguko wa magari kwenye Arc de Triomphe yanasisimua, ingawa steringi anagongwa na magari mara nyingi kiasi kwamba niliacha kuhesabu. Kisha anaingia katika jengo moja la zamani, na kamera inapanda polepole hadi juu kabisa, kana kwamba paa limeezuliwa, ikawa tunatazama vyumba vyote kwa pamoja kama mtu aliyefungua sanduku la kiberiti na kukuta sisimizi. John ana bunduki inayofyatua risasi za moto. Kwa dakika kadhaa picha haikatwi mbele ya macho yetu. Anatoka chumba hiki, anaingia kile, na kila mlio unaacha mwali ukutani. Wanaocheza michezo ya kompyuta wataitambua picha hiyo mara moja. Kwangu mimi, hapo Stahelski aliondoa shuka kwa mara ya pili.

Halafu kuna ngazi. Zile ngazi 222 za kupandia hadi kanisa la Sacré-Cœur, ambazo John anatakiwa kuzimaliza kabla ya jua kuchomoza saa 12 na dakika 3 asubuhi, vinginevyo atauawa. Anapanda akipigana hatua kwa hatua, anakaribia kilele, na mara anapigwa teke, anabiringika hadi chini kabisa, ngazi ya kwanza. Ukumbi niliokuwamo ulicheka, kisha ukanyamaza, na ukimya ule niliutambua: ni ule wa kibandani. Kwa mara ya kwanza baada ya filamu mbili, kuanguka kulikuwa na gharama, maana gharama yake ilikuwa muda. Reeves alikuwa na miaka 58 filamu hii ilipotoka, na mwendo wake mzito, ambao wengine wameudharau, hapa unafaa mno. Mtu aliyechoka anacheza mtu aliyechoka.

Na bado sijafika kwenye pambano la mwisho, lile alilokuwa akipanda ngazi kuliwahi. Ni la bastola za zamani, risasi moja kwa kila zamu, hatua 30, kisha 20, kisha 10. John na Caine wanajeruhiana. Katika zamu ya tatu John anaanguka, na Marquis, yule adui mkuu mwenye kiburi ambaye Caine anapigana kwa niaba yake, anadai nafasi ya kummaliza mwenyewe. Hakuangalia kwamba John hakufyatua. Filamu iliyoanza mwaka 2014 kwa kutufundisha kuhesabu risasi imemaliza ugomvi kwa risasi moja ambayo adui alisahau kuihesabu. Nilipoiona nilisamehe suti, nilisamehe paa, na karibu nisamehe Berlin.

Uamuzi wangu basi ni alama 8 kati ya 10. Moja nimeikata kwa ajili ya urefu, na nyingine nimemkata yule fundi cherehani. Kwa mwenye muda mdogo, tazama ya kwanza, tazama nusu saa ya mwanzo ya tatu, kisha kaa na ya nne mahali penye sauti nzuri. Ballerina ya mwaka 2025, filamu ya ulimwengu huu huu wa John Wick yenye Ana de Armas, inaweza kusubiri siku ya mapumziko, ingawa pambano lake la mitambo ya kurusha moto lina ubunifu wa kutosha. Jambo moja linalouma: Lance Reddick, aliyecheza Charon wa mapokezi kwa utulivu wa aina yake tangu mwanzo, alifariki Machi 17, 2023, wiki moja kabla filamu haijaingia kumbini Marekani, na kifo cha mhusika wake katika dakika za mwanzo hakitazamiki tena kama igizo tu.

John mwenyewe anakaa kwenye ngazi asubuhi ile, anamtaja mkewe, anainama ubavu, na baadaye tunaonyeshwa kaburi. Kule kibandani tungegoma kutoka kwenye mabenchi. Tungemwambia yule mzee arudishe nyuma, kuna kitu kimekatwa, steringi hafi. Na Aprili 2025 kampuni ya Lionsgate ikatangaza kwamba sehemu ya tano inatengenezwa, na Keanu Reeves yumo.