Mazeras au marumaru: jiwe gani kwa sakafu ya nyumbani?

Ukiniuliza mimi, veranda ni Mazeras, sebule ni marumaru. Mazeras ni jiwe la mchanga linalochimbwa nje kidogo ya Mombasa, na uso wake wa kukwaruza hautelezi hata ukirudi kutoka baharini miguu ikichuruzika. Kazi iko kwenye unene: kipande hiki sentimita 2, cha pili 4. Gundi ya vigae haiwezi kusawazisha hapo. Unalaza juu ya mota nzito ya saruji na mchanga, unagonga kwa nyundo ya mpira, unaweka pimamaji, unainua, unaongeza mota, unarudia. Grinda yenye diski ya almasi hulikata vizuri, lakini vumbi lake lina silika, na silika huharibu mapafu. Tafadhali, kodi mashine ya kukatia kwa maji, na barakoa uvae ya kweli. Leso usoni haitoshi.

Marumaru huja imekatwa sawasawa, kuilaza ni haraka. Tumia gundi nyeupe, maana ya kijivu huacha kivuli kwenye jiwe jeupe. Ila ilinde na ndimu, asidi yake hula mng'aro. Sebuleni kwetu kuna duara la glasi ya juisi, limefifia pale mng'aro ulipoliwa, na hakuna sabuni iliyoliondoa.