Stendi ya kunyooshea rimu niliyochomewa Kibuye: uzoefu wangu

Nina pikipiki mbili aina ya Boxer. Moja naendesha mwenyewe, nyingine iko na kijana anayeniletea hesabu jioni. Hizo ni rimu nne za spoki, na njia zetu ni zile za kuelekea Miwani na Chemelil, ambako malori ya miwa hupita mchana kutwa. Shimo la kwanza utalikwepa, la pili litakupata. Baada ya muda spoki zinalegea, gurudumu linaanza kutikisa makalio, na ukifikisha kasi ya 60 hivi usukani unatetemeka mpaka abiria anauliza kama tutafika.

Fundi wa stejini kwetu hunyoosha rimu moja kwa shilingi 300, na kazi yake ni safi. Shida ni foleni. Pikipiki ikilala kwake, hesabu ya siku hiyo imekwenda. Ndiyo maana nikatafuta vifaa vyangu: stendi nikachomewa na fundi wa jua kali pale Kibuye, Kisumu, spana ya spoki nikaagiza mtandaoni.

Nianze na spana, kwa sababu hapo ndipo pesa ilipotea. Ni ile ya duara yenye meno kuzunguka pande zote, kila pengo na saizi yake. Kwenye picha inapendeza. Ukiishika mkononi unaona chuma ni laini, na hakuna pengo hata moja linalobana sawasawa nati ya Boxer, ile ndogo inayokaza spoki kwenye rimu: hili ni dogo, linalofuata linapwaya. Spana inayopwaya huila nati kona zake nne, na nati ikishakuwa mviringo huna la kuishika ila koleo, na koleo linaimaliza kabisa. Nilipomwonyesha fundi wa Kibuye aliigeuzageuza, akacheka, akasema, "Omera, hii ni ya kufungulia soda." Akachukua kipande cha springi ya gari kuukuu, akakata mfereji mwembamba kwa msumeno, akaupiga tupa huku akijaribisha kwenye nati yenyewe mpaka ikaingia bila kucheza. Shilingi 150. Ile ya mtandaoni iko juu ya kabati.

Stendi ni kitu rahisi: nguzo mbili za bomba la mraba juu ya msingi mzito, kila nguzo imekatwa pango juu pa kulaza ekseli. Kwenye nguzo moja amechomea nati, na ndani yake bolti ndefu iliyochongwa ncha. Unaizungusha bolti mpaka ncha ikaribie ukingo wa rimu, kisha unalizungusha gurudumu taratibu na kutazama nafasi iliyo katikati. Pale rimu inapoigusa ncha pana kasoro, na pale inapoachana nayo pana kasoro ya upande wa pili. Naweka alama ya chaki. Jicho linaona hata nusu milimita, ilhali vitabu vya huduma vya pikipiki nyingi huruhusu hadi milimita 2, kwa kuyumba kando na kwa kupanda na kushuka pia.

Pango moja limekaa chini kidogo kuliko la pili, kwa hiyo gurudumu linalala upande. Wengi wangeirudisha kwa fundi. Mimi sikuona haja, kwa sababu ncha haisogei na rimu inapimwa dhidi ya ncha hiyo hiyo mzunguko mzima. Kilichonikera ni upana: nguzo zimepimwa kwa gurudumu la nyuma, la mbele linateleza huku na huku juu ya ekseli. Vipande viwili vya bomba vya kujazia nafasi vilimaliza neno.

Kuhusu kazi yenyewe, kabla ya kugusa spoki hata moja shika rimu uitikise kando. Ikicheza hapo kitovuni, beringi zimekwisha, na utazungusha nati mpaka usiku bila kupata mstari. Beringi zikiwa nzima, chukua bisibisi ugonge spoki moja moja ukizunguka. Iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa mlio mfu kama kugonga kijiti. Mara nyingi gurudumu la Boxer lenye spoki 36 huwa na tatu au nne zilizolala, zote jirani, na ukizirudisha tu nusu ya kuyumba inaisha.

Kisha yale yanayochanganya watu. Spoki inayotoka upande wa kulia wa habu, yaani kitovu cha gurudumu, huivuta rimu kulia, ya kushoto huivuta kushoto. Kwa hiyo pale rimu ilipokimbilia kushoto, unalegeza za kushoto robo mzunguko na kukaza za kulia robo mzunguko, ukigawa kazi kwenye spoki tatu au nne na si kung'ang'ania moja. Ukikaza bila kulegeza, unaivuta rimu pia kuelekea habu, na sasa una kasoro mbili badala ya moja. Rimu ikiwa imepanda mahali fulani, kaza za pande zote mbili hapo. Ikiwa imeshuka, zilegeze. Mimi huanza na kupanda na kushuka, halafu kuyumba, kwa sababu ukianza na kuyumba kutakurudia tena.

Na mwelekeo wa mkono: nati ukiitazama kutoka upande wa tairi hukazwa kwa mwendo wa saa. Lakini kwenye stendi, tairi likiwa bado limevaliwa, wewe unaitazama kutoka upande wa habu, kwa hiyo unakaza kinyume cha mwendo wa saa. Nimeshaona vijana wenye nguvu zao wakilegeza gurudumu zima huku wakiapa wanakaza.

Kutu ndiyo adui mkubwa kuliko mashimo. Pikipiki inayopita matope ya Kano msimu wa mvua nati zake hushikana na spoki, na ukilazimisha, spoki yenyewe inajisokota au inakatika. Paka mafuta mepesi pale spoki inapoingia kwenye nati, acha ilale, kesho yake jaribu kulegeza kidogo kabla ya kukaza. Ikigoma tena, kata hiyo spoki uweke mpya. Ni bei ya chai na mandazi.

Kuna mambo ambayo stendi haitakufanyia. Rimu iliyobonyea ukingoni kwa kugonga jiwe hainyooki kwa spoki. Utaivuta weee, pale palipobonyea patabaki pamebonyea. Na ukiwa umekaza sana, ni lazima uvue tairi na tyubu utazame ndani, maana ncha ya spoki inaweza kutokeza juu ya nati na kutoboa tyubu kupitia mkanda wa rimu unaoikinga. Pitisha tupa mpaka iwe sawa na nati, na mkanda uliochakaa utupe. Pancha zinazorudi kila wiki mahali pale pale mara nyingi zinatoka humo ndani, msumari wa barabarani unasingiziwa bure.

Sasa swali la pesa. Stendi ilinigharimu shilingi 2,500 pamoja na chuma. Kwa mwenye pikipiki moja, siwezi kumwambia aitafute. Simamisha pikipiki kwa stendi yake kubwa, legeza breki isikwaruze, toa cheni kama ni gurudumu la nyuma, funga ile kamba ya plastiki ya kubania nyaya kwenye mkono wa nyuma unaobeba gurudumu na uikate ncha yake ibaki karibu na rimu. Hiyo ni stendi tosha kwa kuyumba kwa kawaida. Yangu inalipa kwa sababu ya rimu nne, na kwa sababu kijana akirudi na gurudumu bovu jioni namvalisha la akiba, hili nalifanya usiku chini ya taa bila kumsimamisha asubuhi.

Kwa nyota, stendi naipa nne kati ya tano, hiyo moja nimekata kwa ajili ya upana. Spana ya springi tano. Spana ya mtandaoni moja, na ni kwa sababu ilifika salama.

Ukienda kuchomewa ya kwako, usimpelekee fundi vipimo vya karatasi. Nenda na ekseli zote mbili na magurudumu yenyewe, mwambie nguzo moja ifungwe kwa bolti ili iweze kusogezwa, na msingi uwe mpana kuliko atakavyotaka yeye, kwa sababu chuma anakihesabu kwa futi na atajaribu kukibania. Spoki zikiwa mpya, rudisha gurudumu kwenye stendi baada ya siku chache za kazi uzigonge tena; lazima utakuta kadhaa zimelegea kidogo.