Magofu ya Kilwa Kisiwani: anza na Husuni Kubwa

Wageni wengi wa Kilwa Kisiwani, kisiwa cha pwani ya kusini ya Tanzania, hushuka Gereza, ile ngome ya kale ya ufukweni, hupiga picha Msikiti Mkuu, kisha hao, wamerudi Kilwa Masoko, mji wa bara, kula samaki. Kilicho bora wamekiacha. Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la mwanzoni mwa karne ya 14, liko mashariki ya kijiji, juu ya genge linalotazama bahari, na birika lake la kuogea la pembe nane bado linaonekana vizuri. Nendeni huko kwanza, jua likiwa bado la asubuhi. Kivuli ni haba, na lita 2 za maji kwa kila mtu si nyingi.

Kibali hukatwa Kilwa Masoko kabla ya kuvuka, tunza risiti. Nauli ya chombo ni habari nyingine: patana ya kwenda na kurudi, na utaje Husuni tangu mwanzo. Muulize nahodha maji yanajaa saa ngapi. Siku za bamvua maji hupwa mbali, chombo hakifiki ufukweni, na utatembea kwenye tope na miamba yenye makali. Kandambili hazifai kabisa. Vaa viatu vilivyofungwa. Msimu wa kusi, upepo ukichachamaa mchana, kuvuka kwa tanga ni kulowa. Jaketi la kuokolea livaliwe, lisikaliwe.

Mwongozaji ndiye nusu ya thamani ya safari. Bila yeye hutajua kwamba ukumbi wa kaskazini wa Msikiti Mkuu ndio wa kale zaidi, na kwamba upande wa kusini wenye makuba uliongezwa baadaye.

Kuta ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Chokaa ikishaliwa na mvua, jiwe la juu hubaki limekaa kwa uzito wake tu. Anayepanda apate picha hulilegeza, maji huingia kwenye ufa, mizizi nayo hufuata. Eneo hili, lililo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1981, lilikaa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini kuanzia 2004 hadi 2014. Si mahali pa kuchezea.

Vigae vya vyombo vya China utavikanyaga usipoangalia chini. Viache vilipo, maana kigae kikishahamishwa hakimwambii tena mtafiti kilikuwa nyumba gani. Ukiletewa sarafu za kale, kataa kwa upole: mambo ya kale yana sheria yake tangu 1964, na kila anayenunua humpa mwingine sababu ya kuchimba.

Kisiwa kina wenyewe. Piga hodi, funika mabega na magoti, usikalie makaburi, na uombe ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha.

Songo Mnara, kisiwa jirani chenye magofu yake, usiibandike kwenye siku hiyohiyo. Inataka siku yake, chombo cha mashine, na utayari wa kushuka majini na kupita kwenye mikoko.