Kuhakiki jina kwenye Daftari la Wapiga Kura: nimejaribu simu, nimejaribu na karatasi za ukutani

Naona watu wanaulizana kila mara namna ya kujua kama jina lako limo kwenye Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, na majibu mengi ni ya kubahatisha. Mimi nilijiandikisha Mpwapwa mwaka 2020, kazi ikanileta Nkuhungu hapa Dodoma mjini, kwa hiyo njia zote mbili nimezipitia. Msimamo wangu nauweka mapema: simu inakutoa wasiwasi, lakini kwa ukaguzi wa kweli nenda kwenye karatasi za majina zinazobandikwa vituoni.

Kabla ya hapo kuna mkanganyiko mmoja. Oktoba 2024, kuanzia tarehe 11 hadi 20, tulijiandikisha kwa ajili ya uchaguzi wa serikali za mitaa. Hata Rais Samia alijiandikisha pale Chamwino. Ile ilikuwa orodha ya mtaa, chini ya TAMISEMI (ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa), kwa ajili ya kura ya Novemba 27. Daftari ni kitu kingine: ni la Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, na ndilo linalotumika kumchagua rais, mbunge na diwani. Jirani yangu alikuwa anaapa kwamba ameshajiandikisha. Nikamuuliza, ulipigwa picha? Hapana. Uliweka vidole kwenye mashine? Hapana. Kadi umepewa? Akanyamaza. Basi Daftarini hukuandikwa, ndugu yangu.

Tuje kwenye simu. Unapiga *152*00#, ile menyu ya huduma za serikali, unafuata maelekezo mpaka ufike kwenye mambo ya uchaguzi. Hata kitochi kinatosha. Shika kadi yako mkononi kabla ya kuanza, maana namba ya mpiga kura ni ndefu, na mtandao wa simu ukikata katikati (wangu ulikata) unaanza upya kutoka juu. Na tafadhali usilipe mtu. Kuna steshenari moja hapa mtaani ilikuwa inatoza elfu mbili "kuangalizia jina". Elfu mbili! Kwa kitu ambacho ni bure.

Kuhama je? Wakati wa uboreshaji wa Daftari, ukiwa tayari umo unaweza kuanzisha maombi mtandaoni kwenye mfumo wa Tume, lakini lazima ufike kituoni kukamilisha. Aliye nje ya Daftari hana njia ya mkato, aende mwenyewe. Na kwa sisi wa Dodoma kuna jambo la ziada: mwaka 2025 Dodoma Mjini iligawanywa likazaliwa jimbo la Mtumba, kwa hiyo kuna watu walibadilishiwa jimbo bila kuhamisha hata kigoda. Usishangae ukiona jina la jimbo si lile ulilolizoea.

Lakini nilichokipenda zaidi ni karatasi. Mei 2025 Daftari la awali liliwekwa wazi vituoni ili watu wakague, milango ikiwa wazi kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Nilikuta karatasi ukutani, na mnajua upepo wa Dodoma mwezi huo. Kona moja unaishika kwa mkono, mkono wa pili unatembeza kidole kwenye majina. Mzee mmoja akaja na "mbukwenyi" yake, ile salamu ya Kigogo, akaniomba nimsomee kwa sababu miwani ameiacha nyumbani. Jina lake tukaliona. Akasema shuka tena kidogo. Nikashuka, nikasoma jina la mdogo wake. "Huyu tulimzika masika yaliyopita," akasema, "atapigaje kura?" Mhudumu akamsogezea kiti, akamweleza kwamba taarifa ya aliyefariki hutolewa kwa fomu na jina likaondolewa, na kwamba hata asiye raia au asiyetimiza miaka 18 ifikapo siku ya uchaguzi anaweza kuwekewa pingamizi. Yote yalifanyika palepale, kwa upole. Simu isingempa yule mzee jibu hilo, kwa sababu simu inajibu habari za mwenye namba ya kadi uliyoiingiza tu, na kwa marehemu mdogo wake hakukuwa na wa kuulizia.

Jingine la kukagua ni herufi. Mama yangu kwenye kadi ya mpiga kura ni Esta, kwenye kitambulisho cha NIDA, yaani cha taifa, ni Ester. Unaweza kudhani ni kitu kidogo. Ila mtu aliyepoteza kadi anaruhusiwa kupiga kura kwa kitambulisho cha NIDA, pasipoti au leseni ya udereva, mradi yumo Daftarini na majina yanafanana. Sasa hiyo "r" moja si inaweza kukurudisha nyumbani? Tulimpeleka arekebishe mapema, akalalamika njia nzima kwamba tunamsumbua kwa herufi moja, na kadi mpya akaifunga kwenye kona ya khanga.

Kwa jumla natoa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya muda: siku 7 za kukagua ni chache, na Mei huku Ugogo ni wakati wa mavuno. Watu wako mashambani na mtama na uwele wao, nani atawaambia kuna karatasi ukutani? Kama una wazazi kijijini, chukua namba ya kadi zao uwahakikie kwa simu, halafu wakati wa kuweka wazi ukifika uwapandishe bodaboda.