Mopa ipi ununue Kigoma: tumezipanga kuanzia inayochosha kidogo

Kudeki kunachosha kwa sababu ya kukamua. Kusukuma mopa sakafuni hakumuumizi mtu kiuno. Kinachoumiza ni kuinamia ndoo kila baada ya hatua chache, kuokota nyuzi zilizojaa maji machafu na kuzisokota kwa viganja. Mopa ya nyuzi za pamba yenye gramu 300 ikiwa kavu inabeba zaidi ya lita moja ya maji ikilowa, na maji hayo yote yanatolewa kwa mikono ile ile iliyoibeba. Ndiyo maana hapa tumezipanga mopa kwa kuangalia kwanza maji yanatokaje. Rangi, boksi zuri na maneno ya muuzaji hatukuyahesabu.

Jambo la pili tuliloangalia ni uchafu wa kwetu. Mvua zikianza, udongo mwekundu wa Gungu na Katubuka unaingia ndani na viatu, na ukikauka unaacha doa. Ukiwa karibu na ziwa, shida ni mchanga, na mchanga unaharibu mopa kuliko matope. Jikoni kuna mawese. Mopa iliyotengenezwa kwa ajili ya vumbi jepesi la ofisini haiwezi kushinda vyote hivyo bila kusaidiwa.

1. Mopa ya kuzungusha yenye kikapu ndani ya ndoo

Kwa nyumba yenye marumaru, terazo au zulia la plastiki, hii ndiyo ya kununua. Ndani ya mpini kuna ufito uliosokotwa. Ukiukandamiza mpini kuelekea chini, kichwa kinazunguka kwa kasi ndani ya kikapu na maji yanarushwa pembeni. Hushiki maji machafu wala huinami. Ukiikandamiza mara tano au sita inabaki na unyevu tu, na sakafu inakauka upesi.

Ziko za aina mbili. Moja inazungushwa kwa kukandamiza mpini, nyingine ina pedali ya mguu. Chukua ya mpini. Pedali ina meno ya plastiki chini ya ndoo, na yakikatika ndoo nzima imekwisha, maana kipuri chake ni vigumu kukipata na fundi hana namna ya kukiunga. Kikapu cha stenlesi kinapendeza, lakini kinachoamua uhai wa ndoo ni kipini cha katikati kinachokibeba. Geuza kikapu ukitazame. Kikiwa cha chuma, nunua. Kikiwa cha plastiki tupu, punguza bei au ondoka.

Usilipe kabla ya kuijaribu pale pale dukani:

- Vuta mpini wote uusimamishe mbele yako. Ncha yake ifike kati ya kwapa na kidevu. Mingi inaishia kifuani, na mpini mfupi utakurudisha kwenye kuinama hata kama ndoo ni ya ajabu.
- Ikandamize mara kumi mfululizo. Ikikwama, ikilia au kichwa kikiyumba, omba nyingine.
- Funga kufuli ya mpini, kisha jaribu kuusokota kwa mkono. Ukizunguka, mopa itakukimbia ukiwa unadeki.
- Bonyeza kichwa kilale upande huu na ule. Kisipolala, hutaingia chini ya kitanda wala kochi.
- Uliza vichwa vya akiba. Sahani nyingi za duara zina upana wa sentimita 16 hivi, lakini meno ya kushikia yanatofautiana, kwa hiyo ukienda kununua kichwa kipya beba cha zamani.

Mpini wake huja vipande viwili au vitatu vya kufungana kwa nyuzi za skrubu, na hapo ndipo unapoanza kulegea. Zungushia ule utepe mweupe wa mafundi bomba mara mbili kabla ya kukaza.

Kasoro yake kubwa ni kwamba unasuuzia na kukamulia ndoo moja, hivyo baada ya chumba kimoja cha udongo mwekundu unapaka tope jembamba kwenye chumba cha pili. Tumia ndoo ya kawaida kusuuzia, na hii ibaki ya kukamulia tu. Maji yanayokusanyika yamwage kabla hayajagusa kitako cha kikapu, kwa sababu kikapu kinachoogelea hakikaushi kitu. Ukisikia inakwaruza, mchanga umeingia kwenye kipini: toa kikapu, suuza kwa maji safi, kausha, weka matone mawili ya mafuta ya cherehani. Mawese usiyaweke, yanaganda na kunasa mchanga zaidi.

2. Mopa ya mbao yenye umbo la T

Watu wataona ajabu kuikuta juu hivi. Tumeiweka hapa kwa sababu inafaa kwenye sakafu ambayo nyingine zote zinashindwa, yaani saruji isiyopigwa niru au iliyochubuka, inayokwanyua nyuzi. Pia haina kitu kinachoweza kuharibika ambacho seremala wa mtaani hawezi kukirudisha.

Mwambie seremala hivi. Mpini wa sentimita 145, unene milimita 28 hadi 30. Mwembamba kuliko hapo unakulazimisha kukunja vidole kupita kiasi na mkono unachoka. Kichwa cha sentimita 40 kwa 5, kimo chake sentimita 3. Mpini uingie kwenye tundu la kichwa na kufungwa kwa kigingi cha mbao na gundi isiyoogopa maji. Msumari hapana, unashika kutu, unapasua mbao na mwisho unakwaruza sakafu. Kingo zote zipigwe msasa ziwe duara, kisha vanishi mara mbili, hasa kwenye ncha za mbao ambako maji yanapenda kuingia. Mninga unafaa sana, hautanuki ovyo ukilowa. Paina ni nyepesi na bei yake ni nafuu, ila isipopakwa vizuri inaoza kwenye kiungio.

Kitambaa ni taulo ya mtumba, sentimita 70 kwa 50. Toboa katikati tundu la kupita mpini, pinda kingo zake kwa cherehani, uishushe kutoka juu mpaka ikilalie kichwa. Tengeneza tatu au nne. Hapa ndipo ulipo urahisi wake: huzikamui katikati ya kazi. Unazilowesha na kuzikamua zote mwanzoni, unatumia moja kwa kila chumba, chafu unaitupa kwenye beseni, na mwishoni unazifua pamoja. Mwenye mikono inayouma atahitaji msaada wa kukamua mara hiyo moja tu.

3. Mopa bapa yenye ndoo ya mifereji miwili

Mfereji mmoja wa kuoshea, mwingine wa kukamulia. Unaipandisha na kuishusha na kingo za mpira zinasukuma maji nje. Ni nyepesi kuliko zote, na kwa mtu mzima anayeishi peke yake kwenye vyumba viwili vya marumaru tungeipandisha iwe ya kwanza. Mchanga ndio unaoishusha. Chembe zinanasa kwenye kingo za mpira, zinakata kitambaa kila unapokamua, na mfereji ni mwembamba mno kuusafisha kwa mkono. Kama unaitaka, fagia mara mbili kwanza.

Kitambaa chake, kama kile cha mopa ya kuzungusha, ni maikrofaiba: nyuzi nyembamba sana, kwa kawaida za poliesta na nailoni, zinazonasa uchafu kwa kingo zake. Jiki inaidhoofisha nailoni, maji yanayochemka yanazikunja nyuzi, na sabuni ya kulainisha nguo inazipaka mafuta zisinyonye tena. Fua kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga kidogo.

4. Mopa ya nyuzi za pamba na ndoo ya kichujio

Inamaliza maji yaliyomwagika kuliko zote. Lakini kichujio cha plastiki kinahitaji ukandamize na kusokota kwa uzito wa mwili, na maji mengi bado yanabaki. Inafaa barazani na uani. Chagua ambayo kichwa kinafunguka kwenye mpini, maana nyuzi zilizofungwa kwa waya moja kwa moja kwenye mti hazikauki katikati, na wakati wa mvua zinanuka.

Ugumu huu wa kukamua umewashughulisha wabunifu muda mrefu. Mwaka 1893 Thomas W. Stewart wa Marekani alipata hataza ya mopa yenye kichwa cha kubadilishwa na wenzo wa kukamulia. Mwaka 1990 Joy Mangano, naye wa Marekani, alitoa mopa inayojisokota yenyewe bila mkono kugusa nyuzi. Ukiiona aina hiyo dukani, ile yenye bomba la kushusha na kusokota, iweke pamoja na hii ya nne, ila kagua kama bomba linafunga imara.

5. Mopa ya sponji

Hatuipendekezi. Sponji ikikauka inakuwa ngumu, na ukivuta wenzo kabla ya kuiloweka dakika kadhaa inapasuka. Saruji inaimega vipande.

Mopa yoyote utakayochukua, maji na sabuni vitaamua nusu ya matokeo. Maji ya Ziwa Tanganyika yana alkali, pH yake ni karibu 9, na yana magnesiamu nyingi. Sabuni ya kipande ikikutana nayo inatoa utando mweupe unaofifisha marumaru na kushika vumbi upya. Weka sabuni ya unga, kijiko kimoja cha chai kwa lita 5. Ukizidisha, sakafu itanata na kuteleza, na utalazimika kudeki tena kwa maji matupu.

Mawese yakimwagika usiyafuate na mopa moja kwa moja. Nyunyiza majivu, subiri yanywe, zoa. Kisha tumia maji ya moto yenye sabuni na tambara la zamani, kwa sababu mafuta hayo yanaganda kwenye maji baridi na yatabaki ndani ya nyuzi za mopa. Jiki usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi, mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini inayochoma mapafu.

Ukimaliza, suuza kichwa mpaka maji yawe meupe, kamua, tundika kichwa kikiwa juu mahali penye upepo, na ndoo ifudikize. Kichwa kibadilishe pale nyuzi zinapolala bapa hata baada ya kufuliwa, au harufu inaporudi siku ile ile.