Nimejaribu Kitanda Nusu Hadi Hampi: Tiketi ya RAC Inafaa?

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Sauti inasikika vizuri leo? Nimenunua maikrofoni mpya, maana ile ya zamani mliilalamikia sana kwenye maoni na mlikuwa na haki. Nipo Hampi, jimbo la Karnataka, kusini mwa India, nimekaa kwenye ngazi za mto Tungabhadra. Mambo ya viza sirudii, video yake ipo. Historia nayo tunaipita haraka: hapa palikuwa makao makuu ya dola ya Vijayanagara, pakavunjwa mwaka 1565, UNESCO wakapaorodhesha mwaka 1986. Leo nachambua tiketi hii hapa.

Naisogeza kwenye kamera. Mnaona herufi hizi tatu, R, A, C? Hizo ndizo zilizoninyima usingizi juzi.

Hampi haina stesheni. Unashuka Hosapete, halafu zinabaki kama kilomita 13. Kutoka Bengaluru unapanda treni ya usiku, asubuhi umefika. Shida ni kwamba tiketi zinafunguliwa siku 60 kabla ya safari na wenyeji wanaziwahi kweli kweli. Mimi nilikata zikiwa zimebaki siku tano. Sasa shikeni hili, hasa wanafunzi wetu mlioko huku: ukiona CNF, una kitanda chako. Ukiona WL, upo kwenye foleni tu, na behewa la vitanda huruhusiwi kupanda. RAC ipo katikati. Unapanda, ila kitanda kimoja mnapewa watu wawili.

Nilirekodi, tazameni. Hili ni behewa la slipa. Upande huu vitanda sita, vitatu vitatu juu kwa juu. Ng'ambo ya ujia, ubavuni, kuna viwili, na hiki cha chini ndicho cha RAC. Mchana ni viti viwili vinavyotazamana dirishani. Usiku unavuta mgongo wa kiti hiki, unaulaza, unavuta na wa pili, vinakutana katikati. Mmesikia huo mlio? Kitanda tayari. Sasa angalieni hapa vinapokutana, naweka kidole: kuna mfereji. Ukilala chali unakukaa kiunoni sawasawa. Shuka hupewi, mto hupewi. Hilo lilinikera, maana nilikuja na kijaketi tu na dirisha lilikuwa halifungi vizuri.

Mwenzangu alikuwa mama mtu mzima mwenye sari ya kijani na ndoo ndogo ya plastiki. Huku mtu wa umri ule unamwita amma, nami nikamwita hivyo. Kwanza tulikaa tu, kila mtu amekunja miguu, tunaoneana haya. Ilipofika saa tano akagonga kitanda kwa kiganja, akaelekeza kichwa chake huku na changu kule. Tukalala mzungu wa nne, kama watoto wa shangazi wakati wa msiba. Nilikuwa nimejibana ukutani nisimguse kwa miguu. Usiku wa manane nikashtuka, kumbe amenifunika nusu ya shuka lake. Na asubuhi akafungua chombo cha bati, akanipakulia wali wa limao wenye karanga juu ya kifuniko. Mchuuzi akapita anaita "chai, chai!", hapo sikuhitaji mkalimani, nikanunua vikombe viwili.

Nilishaandika alama 3 kati ya 10. Nimeifuta, naipa 6. Mfereji ule bado naukasirikia.

Washindani wake? Kuna mabasi ya kulala, una kitanda chako na pazia, lakini bei iko juu zaidi na barabara inakurusha. Tiketi yangu haikufika rupia 400. Wapo watakaoniuliza kuhusu TAZARA: kule vyumba vinatenganishwa wanaume na wanawake, kwa faragha TAZARA inashinda.

Hosapete madereva watakuzunguka. Huku usiseme bajaji, sema auto, ingawa jina letu la bajaji limetoka kwa kampuni ya Bajaj ya hapa hapa India. Kuna basi la serikali pia, nauli yake ndogo sana, ila kibao kimeandikwa Kikannada, hivyo uliza tu "Hampi?" na kondakta atakuitikia.

Ukishafika, usikubali haraka auto ya siku nzima. Mimi nimekodi baiskeli kwa rupia 150. Magofu yametawanyika kwa kilomita nyingi katikati ya majabali, na kwa baiskeli unasimama unapotaka. Toka alfajiri, maana saa sita jua linaunguza kweli. Kwenye hekalu la Vittala magari hayafiki, mwisho unatembea au unapanda gari la umeme. Kiingilio kwa mgeni ni rupia 600, mwenyeji 40. Inauma, lakini ngoja, nitoe noti ya 50... hii. Geuza. Mnaona gari la mawe? Ndilo lile lile nililoliona leo, lina magurudumu yaliyochongwa na ndovu wawili mbele. Nilisimama pale na noti mkononi nikilinganisha kila nguzo.

Nimefikia ng'ambo ya mto. Mnavuka kwa boti, na kuna mitumbwi ya duara kama ungo, imesukwa kwa mianzi, mpiga kasia mmoja. Msimu wa mvua, bwawa la juu likifungua maji, hakuna kuvuka, mnazunguka kwa barabara. Na giza likiingia boti zinalala.

Video ya chakula inakuja Jumamosi. Yule pale ananipungia mkono, ni boti ya mwisho. Baiskeli iko juu kule, ngoja nikaichukue.