Uchambuzi wa lenzi ya Canon EF 50mm f/1.8 STM kwa picha za watu za kushtukiza

Ndugu watazamaji, karibuni. Leo ninaichambua lenzi ya Canon EF 50mm f/1.8 STM, iliyotoka mwaka 2015, na swali langu ni moja tu: je, inamfaa mpiga picha anayetaka kuunasa uso wa mtu kabla mwenyewe hajajiweka sawa?

Hapa Mtwara ninaitumia kwenye kivuko cha Msanga Mkuu na kwenye mabaraza ya Mikindani. Ina uzito wa takriban gramu 160, kwa hiyo kamera inaning'inia shingoni mchana kutwa bila kukuchosha, na udogo wake hauwashtui watu. Kwenye kamera yenye kihisi cha APS-C, yaani kihisi kidogo kuliko kile cha fremu kamili, huona kama lenzi ya milimita 80, hivyo unaweza kusimama kando kidogo na bado ukaujaza uso kwenye fremu.

Wengi huinunua kwa sababu ya ile f/1.8, yaani tundu pana la kupitisha mwanga, na hiyo ndiyo inayowaponza. Ukiwa na kamera ya namna hiyo, na mtu yuko mita 2 mbele yako, eneo linaloonekana kwa ukali ni kama sentimita 11 tu; akigeuka ghafla kumcheka jirani, unapata sikio safi na macho yenye ukungu. Mimi huiweka f/4, tundu dogo zaidi, shata isipungue 1/500 ya sekunde, ISO (wepesi wa kihisi kwa mwanga) naiachia kamera ijipangie, na fokasi iwe ya kufuatilia, yote hayo kabla sijashuka kwenye bodaboda.

Tazameni picha hii ya bibi anayebangua korosho. Nilimwamkia, nikaomba ruhusa, naye akavuta kanga na kukaza uso kana kwamba anapigwa picha ya kitambulisho. Nikapiga hiyo, nikamshukuru, lakini kamera sikuishusha. Mjukuu wake akadokoa punje, bibi akamgeukia kumkaripia, na karipio likaishia kwenye kicheko. Angalieni vidole vyake: majivu aliyojipaka kujikinga na mafuta ya maganda yanaonekana hadi kwenye mikunjo ya ngozi.

Mota ya STM, ile inayosogeza vioo vya fokasi, ni tulivu, ila si ya haraka sana, na magharibi ikiingia hutangatanga kabla ya kushika fokasi. Fokasi ya mkono nayo haifanyi kazi kamera ikiwa imezimwa, kwa hiyo kamera ikilala, iamsheni kwa kubonyeza kitufe cha shata nusu mara tu mnapohisi jambo linakuja.

Kasoro inayonikera zaidi ni ule mrija wa mbele unaochomoza wakati wa kufokasi, kwani lenzi haina kinga dhidi ya vumbi wala maji, na mchanga wa ufukwe wa Shangani haubishi hodi. Kofia yake ya mbele (hood), ES-68, huuzwa peke yake. Inunueni siku hiyo hiyo, kwa maana lenzi ikigongwa kwenye ukingo wa kivuko, kofia ndiyo hupokea kishindo badala ya mrija.